Kabla ya Kununua Mche, Tembea Pwani

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanakijiji, pwani ya mashariki ya Unguja, wiki chache kabla ya masika

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Sheha, wazee wangu, mama zangu wa vikundi vya mwani, walimu mliotupa uwanja wa skuli, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na pikipiki zenu: hamjambo nyote?

Nimeitwa nizungumze juu ya miti ya kupanda huku kwenu. Nilipopigiwa simu niliulizwa swali moja tu: "Tununue miche gani?" Mtaniwia radhi, swali hilo nitalijibu, ila si sasa hivi. Kila mwaka masika yakikaribia, gari huingia vijijini na miche. Mgeni rasmi anapanda wa kwake, anapigwa picha, maji yanamwagwa, tunapiga makofi, tunakula pilau, tunaondoka. Rudi mwezi wa tisa uangalie: vijiti vikavu kwenye mstari ulionyooka. Miche ile haikuwa na kasoro yoyote. Mingi ingestawi vizuri sana Kizimbani au Donge, kwenye udongo mzito na kivuli. Tatizo ni kwamba aliyeichagua hakuwahi kusimama hapa mwezi wa Julai, kusi ikimpiga kifuani.

Kwa hiyo tuanze na hiyo kusi.

Ukimuuliza mtu kwa nini mwembe wake wa karibu na ufukwe umekufa, atakwambia ni jua. Jua lina lawama yake, sikatai. Lakini muuaji mkubwa huku ni chumvi inayosafiri na upepo. Kusi ikishika, mawimbi yanavunjika kule kwenye mwamba, na kila wimbi linalovunjika linarusha matone madogo mno, madogo kiasi kwamba hayarudi chini. Yanachukuliwa na upepo yanaingia mpaka ndani ya kijiji. Ndiyo yanayokula mabati yenu. Ndiyo yanayoacha utando kwenye kioo cha gari lililolala nje. Yakitua kwenye jani, maji yanakauka, chumvi inabaki, na ile chumvi inapenya ndani ya jani kupitia michubuko ambayo upepo wenyewe umeitengeneza kwa kusuguanisha majani usiku na mchana.

Mkitaka ushahidi, msinisikilize mimi. Mwezi wa saba nendeni kwenye mti wowote wa bustani uliosimama wazi. Shika jani la upande wa baharini: ukingo wake umebabuka, wa kahawia, unavunjika ukiukunja, na katikati bado kuna kijani. Sasa zunguka mti uleule, ushike jani la upande wa bara. Zima kabisa. Udongo ni uleule, maji ni yaleyale, jua ni lilelile. Kinachotofautiana ni upande gani umeelekea bahari. Na ukiurudia mti huo baada ya miaka miwili mitatu utaona umeinama kuelekea bara, watu wanasema upepo umeusukuma. Mara nyingi haukusukumwa. Machipukizi ya upande wa bahari yameuawa moja baada ya jingine, ya upande wa bara yakaendelea kukua, mti ukabaki na umbo la upande mmoja.

Kusi ina ubaya wa pili, na huu ndio unaomaliza miche ya sherehe. Inachacha wakati mvua imekwisha. Masika yanamalizika Mei. Juni, Julai na Agosti upepo ni mkali na mawingu ni makavu. Kama kungekuwa na mvua, ingeosha majani. Hakuna. Chumvi ya jana inakaa, ya leo inaongezeka juu yake. Mche uliopandwa mwishoni mwa Mei unakutana na hali hiyo ukiwa hata mizizi yake haijatoka nje ya shimo. Kaskazi nayo inafika huku, hasa wenzetu wa Matemwe na Nungwi wanaijua, lakini kwa ukali haifikii kusi.

Ardhi yenyewe mnaijua kuliko mimi. Kichanga ufukweni, halafu uwanda: mawe ya matumbawe na vifuko vya udongo mwekundu katikati yake. Neno moja tu. Jiwe hili ni chokaa, na chokaa ikizidi mti unashindwa kupata madini ya chuma hata kama yamo ardhini. Ukiona majani machanga yamekuwa manjano na mishipa imebaki kijani, usikimbilie kumwaga mbolea ya dukani. Mti huo hauwezani na chokaa, na mbolea haitabadilisha jiwe.

Kabla hatujaanza, mzee mmoja aliniuliza pembeni kuhusu vimbunga. Swali la haki. Aprili 1872, zama za Sultani Barghash, kimbunga kilipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa hiki. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tokea hapo karafuu ikawa zaidi ni mali ya Pemba. Na Mei 2024 tumesikia sote kimbunga Hidaya kilivyofika Mafia. Vimbunga vipo. Lakini kwetu huku karibu na ikweta ni nadra, na nasema wazi: usichague mti kwa ajili ya siku moja ya karne. Mti uliojengeka vizuri kwa upepo wa kila siku ndio wenye nafasi nzuri zaidi siku hiyo ikija. Ukiuchagua kwa hofu ya kimbunga, utaishia kutopanda chochote.

Sasa nirudi kwenye swali la simu. Kabla ya kununua mche, tembea. Shuka mpaka kwenye maji yakiwa yamejaa, halafu panda taratibu kuelekea kijijini ukiangalia kilichoota bila kupandwa na mtu. Upepo umefanya kazi ya kuchagua miti ya hapa kwa karne nyingi, na majibu yake yapo wazi, hayauzwi.

Wa kwanza utakaokutana nao ni mlakasa. Unatambaa juu ya mchanga, maua ya zambarau, jani lenye ncha mbili mfano wa kwato la mbuzi. Watu wanaukanyaga hawaujali. Kila kifundo cha shina lake kinatoa mizizi, kwa hiyo mchanga ukiufunika, unatoka juu na kushika mchanga mpya. Hapo hapo kuna vile vichaka vya majani mapana manene yanayong'aa, tunda jeupe, ua ambalo ukiliangalia vizuri utadhani mtu amelikata nusu na kuondoka na nusu ya pili. Juu ya mawe, pale panaporukiwa na maji ya bamvua, kuna vichaka vingine vyenye jani dogo nene na shina gumu ajabu. Nyuma yao mkadi, uliosimama kwa miguu mingi, ile mizizi inayotoka shinani na kushuka kama nguzo. Akina mama mnaujua kwa harufu kabla ya kuujua kwa umbo, maana bila kadi hakuna kikuba, lile shada letu la kunukia. Halafu mtakawa, ua la njano asubuhi linalogeuka jekundu likizeeka. Baada ya hapo ndipo miti mirefu inaanza: mikungu, mitondoo, minazi.

Angalieni mpangilio wa urefu. Mfupi mbele, mrefu nyuma. Ukisimama pembeni ukaangalia, unaona mteremko. Upepo ukija kutoka baharini unapanda juu ya mteremko huo badala ya kugonga ukuta, na chumvi nyingi inabaki kwenye vile vichaka vya mbele, vyenye majani yaliyojengwa kuivumilia. Mtondoo ulio nyuma unapokea upepo uliokwisha kuchujwa. Mtondoo huohuo ukiupanda mbele peke yake ukiwa mche, utateseka.

Na hapa niseme la kuwaudhi baadhi ya watu. Kiwanja cha ufukweni kikiuzwa, kazi ya kwanza ni kufyeka. Mnunuzi anataka bahari ionekane kutoka kitandani. Vichaka vile vinaitwa pori, vinang'olewa, vinachomwa. Mwaka unaofuata mchanga unaingia ndani ya nyumba, bamvua kubwa linakata ufukwe, na mwenye kiwanja anatafuta mawe ya kujengea ukuta na miche ya kupendezesha bustani. Amelipa vibarua watoe kinga aliyoikuta bure, sasa analipa wengine walete iliyo dhaifu zaidi. Vijana wetu ndio wanaoshika mapanga katika kazi hizo, na siwalaumu, ni riziki. Ila mkiulizwa ushauri, mwambieni mwenye mali akate dirisha moja la njia, ikiwezekana njia iliyokwenda upande ili upepo usiipige moja kwa moja, na vichaka vingine aviache. Bahari ataiona tu. Haiendi popote.

Kama pameshafyekwa, mlakasa hununui. Kata vipande vya shina urefu wa mkono, zika vifundo viwili vitatu chini ya mchanga mvua za kwanza zikianza, acha ncha nje. Basi.

Sasa mvinje. Naona mmeanza kutazamana, najua mlikuwa mnausubiri.

Mvinje ni mti wa kazi. Haukuzaliwa hapa, asili yake ni pwani za Asia ya kusini mashariki, Australia na visiwa vya Pasifiki, lakini umezoea kwetu kiasi kwamba watoto wanadhani ni wa hapa. Kuni zake zinawaka vizuri, nguzo zake zinajenga, na kwa ukuaji haushindwi na mti wowote kati ya hii niliyoitaja.

Mfano bora wa mvinje ninaoujua uko Kenya, Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo aitwaye René Haller alianza kazi ya kurudisha miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji. Fikirini uwanda wenu huu, halafu ondoeni hata ule udongo kidogo mlio nao. Chokaa tupu, jua linaakisi, maji ya chini yana chumvi. Akajaribu aina 26 za miti. Zilizoishi zilikuwa tatu: mnazi, mti mmoja wa asili ya pwani ya Somalia unaoitwa damas, na mvinje. Huo damas ndugu zetu walioko Dubai na Kuwait wanauona barabarani kila siku ukiwa kama ua wa kijani, na wanajua pia unavyopenda kuingiza mizizi kwenye mabomba ya maji, kwa hiyo sina haja ya kuuleta hapa. Mvinje ndio uliotengeneza msitu.

Lakini haukuutengeneza peke yake. Hapa ndipo penye darasa. Mizizi ya mvinje ina vifundo, na ndani yake kuna bakteria wanaokamata naitrojeni kutoka hewani na kumlisha mwenyeji wao. Ndiyo maana unaweza kuishi kwenye mchanga usio na kitu. Mche uliooteshwa kwenye udongo usio na bakteria hao unatoka kitaluni umenawiri, ukifika kwenye kichanga unadumaa. Kinga yake haina gharama: nenda chini ya mvinje mkubwa wenye afya, fukua udongo wa karibu na mizizi, changanya kiasi katika udongo wa viriba vyako. Nimeona vitalu vinanunua mbolea ya chumvichumvi na mvinje mkubwa umesimama mita ishirini kutoka hapo.

La pili lilikuwa majani. Mvinje unaangusha vijiti vyake vyembamba kwa wingi, vina tanini nyingi, kemikali inayochelewesha kuoza, kwa hiyo haviozi upesi. Kule Bamburi vikajaa chini, udongo haukutengenezeka. Haller akaleta majongoo, haya makubwa meusi yenye miguu myekundu. Yakaanza kuvila vile vijiti, na mavi yao yakawa udongo wa kwanza wa machimbo yale. Baada ya hapo ndipo miti mingine ikaweza kuingia. Kwa hiyo, mama zangu, jongoo likiingia shambani msilifagie kwa hasira.

Mbona basi nisiwaambie mpande mvinje pwani nzima, tumalize, twende tukaswali? Kwa sababu tatu. Kwanza, chini ya mvinje mnene hakioti kitu. Kule juu una kinga, huku chini una uwazi, na upepo unapita kwenye magoti ya miti kama vile haipo. Pili, mvinje ukiukata kwa nguzo hauchipui vizuri kutoka kwenye kisiki. Mkaratusi unarudi, mvinje kwa kawaida haurudi. Mtu mwenye safu moja ya mivinje akipata mteja wa nguzo, siku moja tu kinga yake imepanda gari. Tatu, ukipandwa kwenye ukingo wenyewe wa ufukwe, mizizi yake ya juujuu inachimbuliwa na bamvua na mti unalala. Huko Florida, Marekani, walikoupeleka, umekuwa kero: unaziba fukwe, unasukuma mimea ya asili, mizizi inawazuia kasa kuchimba viota, na upepo mkali ukija unaanguka. Leo kuupanda kule ni marufuku.

Ushauri wangu kwa mvinje ni huu. Usiupe mstari wa mbele. Uanzie nyuma ya vichaka, kwenye kichanga kilichotulia. Safu mbili zisizopungua, zipishane ili mti wa safu ya nyuma uzibe pengo la safu ya mbele. Ukitaka nguzo, vuna safu moja, panda tena, subiri ikue, ndipo uguse ya pili. Na tangu siku ya kwanza, panda kati yake miti inayokua polepole, kwa sababu mvinje hauishi miaka mingi sana na ukianza kufa lazima kuwe na mrithi.

Mrithi mwenyewe, kwangu mimi, ni mtondoo. Mti huu naupenda, sifichi. Mmeuona Jozani, kule msituni umekuwa mkubwa wa kutisha. Jani lake ni nene, linang'aa, na ukilishika kwenye mwanga unaona mistari midogo sana iliyolala sambamba, mamia, utadhani imechorwa kwa rula. Chumvi haina pa kushika. Mbao zake wajenzi wa madau wanazijua. Wazee waliyatumia mafuta ya tondoo kwa taa. Kasoro yake ni moja: hauna haraka. Aliyeupanda atakaa kivulini mwake, lakini hatakaa mwaka ujao.

Mkungu una haraka zaidi, unavumilia chumvi, watoto wanafaidi kungu. Matawi yake yanatandaza kwa ghorofa, kwa hiyo upe nafasi, usiusonge na mvinje. Unapukutisha majani yote kwa mkupuo, usishtuke ukidhani umekufa.

Mnazi siwafundishi. Niseme tu jambo ambalo watu wengi hulikosea: mnazi unastahimili upepo, lakini haukingi upepo. Jani lake limechanika lenyewe, upepo unapita. Shina lake linapinda, linarudi. Ndiyo siri ya kuishi kwake. Nyumba iliyo nyuma ya minazi mirefu inapigwa na kusi vilevile, maana kuanzia ardhini mpaka juu hakuna kitu isipokuwa nguzo. Pandeni minazi kwa ajili ya nazi na makuti, na chini yake mweke mkadi au mtakawa. Na mbegu chagueni kutoka kwa minazi mirefu ya kwetu iliyozaa vizuri ikiwa imesimama wazi, hapa hapa kijijini. Huo mti umeshafanya mtihani.

Mwarobaini na mkorosho viko nyuma ya hapo. Vinavumilia ukame na mchanga, lakini mkorosho ukipigwa na chumvi wakati wa maua, maua yanaungua na mwaka huo huna korosho, una majani tu. Mwembe, mndimu, mpapai, mgomba, hivyo ni vya nyuma kabisa, nyuma ya kila kitu nilichotaja, au nyuma ya nyumba.

Kuhusu umbo la kinga yenyewe. Wengi tunadhani ukuta wa matofali ndio kinga bora. Upepo ukigonga ukuta usiopitisha kitu unaruka juu yake na kuanguka upande wa pili kwa kuzunguka, na mita chache nyuma ya ukuta mboga zinasokotwa kuliko zilizo wazi. Kinga nzuri ni ile inayopitisha karibu nusu ya upepo na kuuvunja nguvu. Ikiwa hivyo, na miti ina urefu wa mita tano, nafuu inafika mita hamsini nyuma yake, na kidogo kidogo hata mia. Ila pengo moja katikati linaharibu kila kitu. Upepo unajikusanya hapo unapita kwa kasi zaidi ya ule wa wazi. Ile njia ya ng'ombe iliyonyooka mpaka baharini, hapo ndipo migomba yenu inapolala.

Siku ya kupanda sasa. Chagueni mche mfupi, mnene, wa urefu wa goti au chini yake. Mwenye kitalu atawasifia mrefu. Mrefu una majani mengi na mizizi iliyojikunja ndani ya kiriba, ukipigwa na kusi unakauka. Wiki mbili tatu kabla ya kuupanda utoeni kivulini, upunguzieni maji, uzoee jua na upepo. Toa kiriba, na kama mizizi inazunguka chini, ikate. Kwenye uwanda tafuteni mfuko wa udongo kati ya mawe, pasueni kwa mtaimbo chini yake ili mzizi upate njia, wekeni samadi iliyooza. Majani ya baharini yanayoletwa na maji ni matandazo mazuri, lakini yakae kwanza juani yanyeshewe masika mazima yatoke chumvi.

Pandeni mvua zikiwa zimeshika, mwishoni mwa Machi au Aprili mwanzoni, msingoje Mei. Upande wa kusi wa kila mche simamisheni kuti lililosukwa, mambo mawili yanafanyika kwa pamoja: upepo unapungua na mbuzi anazuiwa upande mmoja. Mti ukihitaji kijiti cha kuegemea, ufungwe chini, kwenye theluthi ya kwanza ya urefu wake, kwa kamba iliyolegea. Ukiufunga juu haupati kuyumba, na mti usioyumba haunenepi shina. Siku ukiondoa kijiti unaanguka.

Mikoko sitaigusa sana leo. Ni kinga kubwa kule Chwaka na kwenye hori zenye matope, mlilana mbele unakoguswa na maji kila siku, mkandaa nyuma. Huku kwenu ufukwe ni wazi, mchanga unahama. Wakija watu na vikoko vya kuchomeka kwenye mchanga huu, wapokeeni kwa heshima, wapeni chai, muwaelekeze Chwaka.

*Maswali yalikuwa mengi. Nimeandika mawili yaliyowahusu watu wengi.*

Mama mmoja wa kikundi cha mwani aliuliza: nani atafunga mbuzi?

Nilimjibu kwamba hilo si langu, ni la Sheha na nyinyi, lakini mkikubaliana mbuzi wafungwe kuanzia Aprili mpaka Septemba tu, nusu ya kazi imekwisha. Baada ya hapo vichaka vya mbele vinakuwa vigumu. Wanaofuga wapewe haki ya kukata majani sehemu za ndani kwa miezi hiyo, la sivyo mtaandika sheria na mbuzi hawajui kusoma.

Kijana mmoja akauliza: kiwanja changu ni kidogo, mita ishirini kwa thelathini, safu zote hizo nitaziweka wapi?

Huna haja nazo zote. Acha vichaka vya upande wa bahari, hata upana wa hatua nne. Nyuma yake weka mitondoo miwili na mtakawa katikati. Nyumba yenyewe ni kinga. Mpapai na mndimu wako viwe upande wake wa bara. Halafu ongea na jirani wa kulia na wa kushoto. Upepo unazunguka kwenye ncha za kinga, kwa hiyo kinga fupi ya mtu mmoja haimsaidii sana, lakini tatu zikiungana, yule wa katikati anapata kinga kamili na wale wa pembeni wanapata zaidi ya waliyopata peke yao. Mbegu za mtondoo zipo chini ya miti ile ya karibu na msikiti, zinaoza kila mwaka. Okoteni zilizoanguka karibuni, mmenye nyama, mpasue ganda kwa uangalifu bila kujeruhi kiini, maana zikipandwa na ganda zinachukua muda mrefu zaidi kuota. Mkianza wiki hii, miche itakuwa tayari kwa masika ya mwakani.